Nyundo Juu ya Kapo

Ninyi mliobaki karakanani mliniaga vizuri. Kulikuwa na viti vya kukodi, kuku, soda baridi, na hotuba ndefu ambayo hata aliyeitoa alichoka katikati akaomba maji. Kisha Grâce, fundi mwenzenu, akanijia pembeni akaniomba niandike jinsi ya kuchagua gari la jipi ndogo lililokwisha kutumika, kwa sababu, alisema, nikifa mambo haya nitakwenda nayo. Nilimshukuru kwa kunitia moyo hivyo. Basi naandika. Cheo changu na mshahara wangu hamtavikuta humu, maana cheo kilikuwa kile kile tangu siku ya kwanza, na mshahara mnaujua, ndio wenu.

Nilizaliwa hapa hapa Likasi. Baba alikuwa mchomeleaji wa vyuma katika kampuni ya madini, na nyumba yetu ilikuwa nyuma ya karakana yao, kwa hiyo nilikua nikisikia chuma kikigongwa tangu asubuhi mpaka jioni. Kampuni ilipopunguza watu, baba alirudi kukaa nyumbani, nami nikaanza kuuza mikate barabarani. Jumapili niliimba kwaya. Kwaya hainikumbuki kwa upendo mwingi. Mtu akishusha sauti kidogo tu, uso wangu ulijikunja wenyewe, na mama mmoja wa sauti ya kwanza alisema naimba kama mtu anayemeza kwinini.

Uso huo ndio ulionipa kazi. Papa Mwansa hakuwa mshirika wa kanisa letu, lakini alikuja kwenye mazoezi ya kwaya Jumamosi tatu mfululizo, akakaa benchi la nyuma, akatutazama. Mji mzima ulimjua. Alikuwa fundi, na watu walimchukua kwa kazi moja kuliko zote: kukagua gari la okazyo, yaani lililokwisha kutumiwa na wengine, kabla hujatoa pesa yako. Jumamosi ya tatu alinisubiri mlangoni.

"Weye mama, njo weye unakunjaka sura bantu bakipoteza sauti?"

"Njo minye, Papa," nilikiri. "Pardon."

"Achana na pardon. Kesho kutwa kuya garage. Minye niko natafuta sikio."

Nilidhani ananitania. Jumatatu nilifika na kikwembe changu kizuri, na mafundi watatu wakanionyesha mahali pa kuweka sufuria, wakiamini nimeleta bukari. Nikawaambia sikuleta chakula, nimeleta sikio. Walicheka mpaka mmoja akajiangushia spana kidoleni. Huo ndio ulikuwa mkaribisho wangu, na spana ile niliikanyaga miaka mingi baadaye kwa sababu hakuna aliyewahi kuirudisha mahali pake.

Papa Mwansa alinipeleka ofisini kwake, akafunga mlango, akaniambia siri aliyokuwa hajamwambia mtu. Alikuwa hasikii tena. Ujana wake wote aliumalizia kwenye mashine za kupondea mawe ya shaba, na mashine zile zilikuwa zimechukua masikio yote mawili, moja kwanza na lingine polepole. Watu aliwaelewa kwa kusoma midomo. Lakini chuma hakina midomo.

Na kazi yake ilikuwa ya kusikiliza chuma. Wageni hudhani kutu huletwa na bahari peke yake. Sisi hatuna bahari, tuna asidi. Gari likipita miaka miwili tu kwenye matope ya viwandani kupeleka na kurudisha wafanyakazi, tumbo lake huliwa kwa chini, huku juu rangi inang'aa na mwenyewe anaipangusa kwa kitambaa. Papa Mwansa alikuwa na nyundo ndogo, ya mpini mfupi uliofungwa ngozi. Alilala chini ya gari akaigonga fremu, hatua kwa hatua, kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinaimba. Chuma kilicholiwa kinasema *pu*, kama mlango wa mbao ulioloa.

Kwa hiyo tulipatana. Yeye agonge, mimi nisimame karibu na gurudumu, mguu wangu karibu na wake. Nikisikia *pu*, nikohoe mara moja, ili watu wasishangae mguu ukitikisika, na kumgusa kwa kidole cha mguu. Yeye atoke chini ya gari, ajipanguse mavumbi, atoe hukumu. Watu walidhani mimi nashika kitambaa cha kupangusia. Nami kitambaa nilikishika kweli, ili uongo uwe mdogo.

Hukumu nayo ilikuwa na desturi yake, na wengi wenu mmeikuta ikiendelea bila kujua ilikotoka. Hapa kwetu mtu haji kununua gari peke yake. Anakuja na mke, shemeji, mjomba aliyewahi kuwa dereva, na mzee mmoja wa kanisa kwa ajili ya maombi. Wote husimama katika kiwanja cha muuzaji wakingoja. Gari likiwa zima, Papa Mwansa aliiweka nyundo juu ya kapo, pale juu ya kifuniko cha injini, na watu wakaanza kushangilia. Likiwa bovu, aliitia nyundo mfukoni, akamuaga mwenye gari kwa heshima, nao wakaondoka wote bila kuuliza. Hakueleza kasoro hata siku moja. Alisema si adabu kumtukana mtu mali yake katika kiwanja chake. Niliiona ni desturi nzuri sana, mpaka siku iliponiumiza.

Kabla sijafika huko, niwape mengine niliyojifunza miaka ile, maana Grâce atalalamika nisipoyaandika. Jipi ndogo ni gari la mtu mwenye akili na barabara mbaya. Kubwa ikizama kwenye tope la njia ya mashamba upande wa Kambove, unatafuta trekta. Ndogo ikizama, watu wanne wenye moyo mzuri wanaitoa, na wa tano anatoa maoni. Chukueni sumaku, muifunge kwenye leso isikwaruze, muipitishe kwenye milango. Pale isiposhika, chini ya rangi kuna masitiki ya kuzibia mabonde, na chini ya masitiki kuna ajali. Inueni zulia la nyuma. Mkikuta vumbi la kijani, jipi hiyo imebeba magunia ya mawe kutoka machimboni, hata kama mwenyewe anaapa ilikuwa ya mwalimu wa shule, na springi zake zimechoka kuliko anavyosema. Fungueni oili ya difa, lile bonge la gia katikati ya ekseli; ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, gari limeogelea mtoni.

Pimeni magurudumu yote manne kwa kamba. Gari linalovuta kwa miguu minne halitaki mguu mmoja mfupi. Magurudumu yasiyolingana hupigana hadi giaboksi inakufa, na wenyewe wanasema ni uchawi. Tieni ile gia ya kuvuta kote kwenye udongo, msiitie kwenye lami. Kateni usukani mpaka mwisho, mzunguke polepole. Kadani, zile fimbo za kuzungusha magurudumu, zikisema *ka-ka-ka*, zinaomba pensheni. Na kwa kuwa nyingi hutufikia usukani ukiwa kulia, na hapa tunauhamishia kushoto, lazima mlale chini muone nani alichomelea na alichomelea akiwa na haraka gani. Kilomita za kwenye saa msizisome. Kuna watu wanaozirudisha nyuma upesi kuliko wanavyoendesha. Someni mpira wa pedali ya breki, ulivyolika.

Sasa Mama Kabedi. Alikuwa mjane wa mtaa wetu, mumewe alikuwa amemwachia jipi moja ndogo, ya bluu, usukani umehamishwa kwa kazi safi. Alitaka kuiuza anunue mashine ya kusaga mahindi, aishi kwayo na watoto wake. Mnunuzi alikuwa Pasta Banza, mwenye waumini waliotawanyika vijijini kuzunguka Kambove, na pikipiki iliyokuwa imemvunja mkono mara mbili. Ilikuwa Agosti, baridi ya asubuhi na vumbi jekundu kila mahali, na mimi nilikuwa na mafua.

Nilipaswa kumwambia Papa Mwansa kabla hatujatoka. Sikumwambia. Niliona aibu kukosa kazi kwa sababu ya kamasi. Alipoingia chini ya gari na kuanza kugonga, chuma kiliimba vizuri, kila pigo, mbele, katikati, huku mimi machozi yananitoka kwa kuzuia kifua. Alipofika karibu na gurudumu la nyuma kilinishinda. Nilikohoa, mara moja tu, kwa nguvu, na mwili ulipotikisika mguu wangu ukamgusa.

Alikawia kule chini kuliko kawaida yake. Kisha akatoka, akajipangusa, akaitia nyundo mfukoni.

Pasta Banza akamshukuru Mama Kabedi, mke wake akamkumbatia, wote wakaondoka. Mimi nilifuata nyuma. Nilipogeuka, Mama Kabedi alikuwa amesimama ameweka mkono kwenye mlango wa gari, akilitazama kama mtu anayeuliza amekosea wapi. Hakuna aliyemwambia, kwa sababu desturi ilikataza. Na kwa kuwa hakuna aliyesema kasoro ni nini, kila mtu aliibuni yake. Wiki ile ile nilisikia kwamba jipi imekatika fremu, kwamba injini ina ufa, kwamba mumewe alifia ndani yake, ingawa marehemu alifia kitandani hospitalini na sisi sote tulikwenda kumtazama. Walioizungumzia waliiita "ile ya nyundo mfukoni". Hakuja mnunuzi mwingine.

Nilinyamaza majuma mawili, na ndiyo majuma ya kazi yangu ninayoyaonea haya. Nikisema, lazima nieleze kikohozi ni cha nini, na mji ujue kwamba Papa Mwansa hasikii. Mtu aliyenitoa barabarani, nimmalize kwa mafua yangu? Nisiposema, mjane anakaa na gari zima ambalo hakuna atakayeligusa. Kisha asubuhi moja nilikutana naye njiani, beseni la mahindi kichwani, anapeleka kusagisha kwenye mashine ya mtu mwingine. Akanisalimu kwa uchangamfu, akaniuliza kama mafua yamepona. Mchana ule ule nilikwenda karakanani.

Nilimkuta Papa Mwansa anakula. Nikakaa mbele yake aone midomo yangu vizuri, nikamweleza yote.

"Ilikuwa grippe?" aliuliza.

"Ilikuwa grippe, Papa, mafua tu. Ile gari iko muzuri. Inaimba yote."

Akanawa mikono polepole, akaifuta kidole kimoja kimoja. "Bon. Itabidi turudilie."

"Bantu batauliza sababu gani."

"Batauliza, ndiyo. Na minye nitajibu. Ule mama eko nabeba mahindi juu ya kichwa sababu ya masikio yangu. Haiko ju ya grippe yako."

Jumamosi aliwaita wote wale wale katika kiwanja cha Mama Kabedi: Pasta Banza na mke wake, mjomba, mashemeji, mzee wa maombi. Majirani hawakuitwa, wakaja wengi zaidi. Papa Mwansa hakuwahi kurudia ukaguzi hata mara moja, kwa hiyo watu walikuwa wamejaa mpaka kwenye ukuta. Alisimama mbele ya jipi ya bluu, akavua kofia.

"Bandugu," alisema, "masikio yangu ilikufa, sasa ni miaka. Njo huyu Mama Régine anasikiaka. Akikohoa, minye nakatala gari. Siku ile alikohoa ju ya grippe. Ile gari haina kosa. Kosa ni yangu, ju niliwaficha. Mama Kabedi, nakuomba pardon mbele ya bantu bote."

Nilitamani ardhi ipasuke niingie. Kisha Mama Kabedi akaanza kucheka, kwanza polepole, halafu kwa mabega yote, akashika tumbo. "Kumbe ni grippe!" alisema. "Minye nililala njaa ya mawazo wiki mbili, naulizaka bwana yangu marehemu alificha nini humo!" Watu wakapasuka kwa kicheko, hata mzee wa maombi.

Papa Mwansa akanipa nyundo. "Lala chini. Piga weye. Sasa bakusikie."

Nililala kwenye vumbi na kikwembe changu, nikagonga fremu yote mbele ya mji, bila haraka, kila pigo likiimba mpaka majirani wakaanza kuniambia "Bado hapo! Na hapo!" kama mafundi wa miaka mingi. Nilipotoka nikaiweka nyundo juu ya kapo. Mjomba dereva akasita, akauliza watajuaje kwamba safari hii si homa. Mke wa Pasta ndiye aliyemjibu. "Asiyesikia tulimuamini miaka yote. Mwenye kusikia tutamukatala namna gani?" Wakalichukua. Mama Kabedi akapata mashine yake, na mpaka leo anawasagia wengi wenu.

Nilifikiri biashara ya Papa Mwansa imekwisha. Ilizidi. Watu walikuja wakisema wanamtaka yule papa asiyedanganya na yule mama wa nyundo, na wengine waliniuliza kwanza kwa sauti kama nina mafua. Tulifanya kazi pamoja miaka mingi, mimi chini ya gari, yeye juu akizungumza na wenye magari. Nilimpenda kama baba yangu wa pili, nasema wazi, kwa sababu yeye sikumwambia mara nyingi.

Miaka ya mwisho alikuwa anakaa barazani kwake, mkono kwenye fimbo. Siku moja nilimpelekea mikate, akaniambia jambo ambalo sikulitegemea. Kule chini ya jipi ya bluu, alikuwa ameshika fremu kwa kiganja. Kwa miaka aliyokuwa kiziwi, mkono wake ulikuwa umejifunza kidogo. Chuma kizima hutetemeka kikigongwa, na ile ilitetemeka vizuri.

"Basi mulijua ni muzuri?"

"Mukono ulisema muzuri."

"Sasa sababu gani mulikatala, Papa?"

Alinitazama midomo, kisha macho. "Ju weye ulikohoa. Kama ningekatala kikohozi yako siku moja, siku ingine ungesikia mubaya na ungenyamaza."

Tulimzika mwaka juzi. Nyundo ilibaki kwangu.

Mwaka huu sikio langu la kushoto limeanza kunidanganya. *Pu* na wimbo vinakaribiana. Ndiyo maana nimestaafu, wala si kwa sababu ya magoti kama mlivyosema kwenye ile hotuba. Na nilikuwa na hamu moja. Pasta Banza amezeeka, anauza jipi ya bluu. Nilitaka iwe yangu, nipande nayo kwenda kulima shamba langu njia ya Kambove, nizeeke nayo. Nilikuwa nimekwisha kuwaza nitaiegesha chini ya dirisha gani.

Nikafuata desturi. Nilikwenda na mume wangu, dada yangu, mzee wa kanisa, na Grâce, fundi mwenye sikio zuri kuliko wote mliopo. Nilimkabidhi nyundo ya Papa Mwansa. Akalala chini akagonga. Nilitia kiganja kwenye fremu, na mkono wangu ukaniambia ni nzima, au labda ni moyo uliosema. Niliona uso wa Grâce ukijikunja alipofika karibu na gurudumu la nyuma, pale pale. Akatoka, akajipangusa, hakunitazama. Akaitia nyundo mfukoni.

Pasta Banza aliinamisha kichwa. Mume wangu alinishika mkono. Mimi hasira ilinipanda mpaka masikioni, hata lile bovu. Nilimsogelea Grâce.

"Weye, Grâce. Uko na grippe?"

"Hapana, mama," alisema. Hakurudi nyuma.

Nikamuaga Pasta Banza kwa heshima, nikachukua mkoba wangu, tukarudi nyumbani kwa miguu. Nyundo ilibaki mfukoni mwa Grâce, na sijaidai.